Karatasi ya Mwisho Kikapuni



Wapendwa Taifa la Mungu, wanaparokia na wasomaji wote wa tafakari hii ya kila juma, wengi wenu mmetuuliza safari yetu ya Mbinga ilikuwaje, nasi tumechelewa kuwajibu. Hatukuchelewa kwa sababu ya kazi, ingawa kazi hazikukosekana. Tulichelewa kwa sababu safari yenyewe ilikuwa haijakwisha. Ilianza kwa gari alfajiri moja ya mwezi wa Agosti, lakini sehemu yake iliyo ngumu zaidi tuliitembea kwa miguu, ndani ya parokia yetu wenyewe, mwendo usiozidi dakika kumi na tano kutoka mlango wa kanisa.

Mtakumbuka kwamba tulipata barua kutoka kwa mwalimu mlezi wa wanafunzi Wakatoliki, TYCS, katika shule moja ya sekondari ya bweni iliyo katika milima ya Matengo. Barua ilituomba tuwape vijana mada juu ya Kijana Mkatoliki na kuleta mabadiliko duniani. Tulikwenda watatu: paroko wenu, Mwalimu Katekista wetu, na Mama Mwenyekiti wa WAWATA, ambaye alikubali kuja ili mabinti wapate mtu wa kuzungumza naye baada ya mada. Parokia iligharimia mafuta ya gari, na akina mama wakatufungia maandazi na chupa mbili za chai.

Tuliondoka nje ya mji wa Songea saa kumi na moja alfajiri. Tulipofika njia panda ya Peramiho tulisali Malaika wa Bwana, na Katekista akatukumbusha kwamba Wabenediktini walioanza utume pale mwaka 1898 walipita nchi hii kwa miguu, ilhali sisi tulikuwa tukilalamikia kiti cha nyuma kilicholegea. Baada ya Kigonsera baridi ikaanza kuingia garini. Mama Mwenyekiti akajifunika khanga ya pili mabegani. Kando ya barabara kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja, na juu yake, kwenye miteremko ya milima, tukaanza kuziona ngolo.

Kwa wale ambao hawajafika huko, ngolo ni mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo wameyatumia kwa zaidi ya karne moja katika miteremko mikali. Ukitazama kwa mbali, mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hayapati nafasi ya kushuka kwa kasi na kubeba udongo, maana kila shimo huyapokea na kuyatuliza. Juu ya matuta yanayozunguka mashimo hayo hupandwa maharage, na katika msimu unaofuata mahindi. Ndiyo maana milima ile imelisha watu wengi kwa miaka mingi pasipo kubaki mawe matupu. Tukiwa garini tulikubaliana kwamba huo ndio mfano wa kuwapa vijana: mtu habadilishi mlima kwa siku moja, hubadilisha shimo moja.

Wanafunzi walitupokea kwa nyimbo. Walikuwa karibu mia tatu, wamekaa kwenye mabenchi ya bwalo la chakula, wamevaa masweta, na pumzi zao zikionekana kama moshi. Paroko wenu alikuwa ameandaa kurasa tisa. Tulizungumza juu ya Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, na ambaye mwaka 1955 aliacha kazi hiyo pamoja na mshahara wake ili kukitumikia chama cha TANU, kilichokuwa kimezaliwa tarehe 7 Julai mwaka uliotangulia, wakati ambapo hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba uhuru ungepatikana. Tulizungumza juu ya Wangari Maathai wa Kenya, aliyesomeshwa na Masista Wabenediktini kule Atchison, Kansas, nchini Marekani, na ambaye tarehe 5 Juni 1977 alipanda pamoja na wenzake miche saba jijini Nairobi. Alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, harakati aliyoianzisha ilikuwa imekwisha kupanda zaidi ya miti milioni 30. Tukawakumbusha wosia wa kitume wa Baba Mtakatifu Fransisko kwa vijana, Christus Vivit, wa mwaka 2019, ambamo aliwafundisha kwamba vijana si Kanisa la kesho tu, bali ni Kanisa la leo. Mwishowe tukawaonyesha milima yao wenyewe kupitia dirishani, tukawaeleza habari za ngolo.

Tulipigiwa makofi mengi. Tukiri mbele yenu kwamba tuliyafurahia.

Ndipo ukafika wakati wa maswali. Mwalimu mlezi alikuwa amepitisha kikapu cha sadaka ili kila mwenye swali aliandike kwenye karatasi pasipo jina, kwa sababu vijana wengi huona haya kusimama. Katekista ndiye aliyesoma. Mmoja aliuliza kama mwanasiasa anaweza kubaki Mkristo. Mwingine alitaka kujua kama mapadre hulipwa mshahara, na bwalo likacheka. Mwingine aliandika kwamba amefaulu vizuri lakini baba yake amepooza, na je, asome au arudi kulima. Hilo tulilijibu kwa muda mrefu, na mkuu wa shule, aliyekuwa ameketi nyuma, akaomba mwanafunzi huyo amwone ofisini bila kuogopa.

Ikabaki karatasi moja. Katekista aliifungua, akaisoma kimyakimya, kisha akatutazama. Tulimwona akiikunja tena. Hakuna mwanafunzi ambaye angejua kilichoandikwa isipokuwa yule aliyeandika, na yeye asingethubutu kusema. Tungeweza kufunga kwa sala na kwenda kula. Mama Mwenyekiti alinyosha mkono, akaichukua, akaisoma, akamrudishia.

"Isome, Mwalimu," alisema. "Imeletwa kwetu."

Katekista akasoma kwa sauti. Karatasi hiyo tunayo bado, na maneno yake ni haya: "Baba Padre, mmetuambia tuibadilishe dunia. Nina rafiki yangu, alikuwa anasoma hapa kidato cha tatu. Anatoka parokia yenu, alikuwa anaimba kwaya. Alipata ujauzito akaenda nyumbani. Sasa ameshajifungua na shuleni anaruhusiwa kurudi, lakini hataki. Anasema kanisani kwao walimwondoa mbele ya watu, kwa hiyo hata shuleni itakuwa vilevile. Swali langu: shuleni anaweza kurudi. Je, kanisani anaweza kurudi?"

Wapendwa, bwalo lile lilinyamaza kiasi cha kusikia kuni zikipasuka jikoni. Sisi watatu tulimjua binti huyo mara moja. Tena tulijua jambo ambalo mwandishi wa karatasi hakulijua: kwamba sisi watatu, wote, tulikuwamo katika kikao kilichomwondoa.

Paroko wenu alisimama na kurasa zake tisa mkononi, na katika kurasa hizo hapakuwa na jibu. Tuliwaambia wanafunzi ukweli, kwamba tunamfahamu mwenzao, kwamba tuliyoyatenda hatujayatafakari inavyopaswa, na kwamba hatuwezi kujibu kabla ya kumwona yeye mwenyewe. Mwalimu mlezi alitaka kutuokoa, akaanza kutoa neno la shukrani. Lakini msichana mmoja wa kidato cha nne alisimama, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu, akasema, "Shikamoo, Baba. Jibu mtatuletea?" Tukasema tutaleta. Tukala ugali na maharage pamoja nao, tukaondoka.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Tulipita tena kwenye ngolo, wala hakuna aliyezitaja.

Yatupasa tuwaeleze kilichotokea katika kikao kile, kwa kuwa wengi wenu mlisikia matokeo yake bila kusikia yaliyosemwa. Viongozi wa kwaya walituletea taarifa kwamba binti mmoja ni mjamzito, na kwamba waamini wananong'ona anapopanda kwenye mimbari kuimba zaburi. Tulijadili kwa muda usiozidi nusu saa. Tulisema juu ya mfano mbaya kwa watoto. Tulisema juu ya heshima ya altare. Tukaamua atolewe katika kwaya, na kwamba tangazo litolewe ili wengine wajifunze. Tangazo likasomwa Jumapili, baada ya Komunyo, bila kutaja jina lake, lakini katika parokia kama yetu jina halihitaji kutajwa. Mama yake alikuwa ameketi benchi la tatu. Tangu siku ile hatukumwona tena, wala katika Misa wala katika jumuiya yake ndogo ndogo, nasi tulisema kwamba amekuwa mlegevu wa imani.

Katika nusu saa ile hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza juu ya mwanamume. Sheria ya Elimu ya nchi yetu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamhesabu anayempa mwanafunzi ujauzito kuwa mhalifu anayestahili kifungo cha miaka 30. Serikali inamtafuta mwanamume. Sisi tulimpata binti, tukaridhika naye. Tena mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi katika shule za umma. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, mlango huo ulikuwa umefungwa, na wengi wetu katika Kanisa tulisikitika hadharani juu ya mabinti waliopoteza masomo. Mlango wa shule ulipofunguliwa, kumbe wa kwetu ulikuwa bado na komeo.

Juma lile tulikosa usingizi. Tulifungua Injili ya Mathayo, sura ya kwanza, tukitafuta jambo la kuhubiri, tukakutana na Mtakatifu Yosefu. Yeye aligundua kwamba mchumba wake ni mja mzito, naye hakujua bado mpango wa Mungu. Kwa desturi za watu wake alikuwa na haki ya kumshtaki mbele ya kijiji kizima. Mwinjili anatueleza kwamba alikuwa mtu mwenye haki, na kwa sababu hiyohiyo hakutaka kumwaibisha. Tumeisoma habari hiyo kila Noeli kwa miaka yote ya upadre wetu. Hatujawahi kuona kwamba Yosefu alikataa kufanya kile ambacho kikao chetu kilikifanya. Nasi sanamu yake tunayo ukutani, upande wa kulia, na tunamwashia mishumaa.

Waswahili husema, mganga hajigangi. Bwana Yesu naye alikutana na methali inayofanana na hiyo kule Nazareti, kijijini kwake alikolelewa, katika sura ya nne ya Luka. Tulikuwa tumesafiri zaidi ya kilometa mia moja kuwaganga watoto wa watu, na jeraha tumeliacha nyumbani. Bwana anatufundisha katika hotuba ya mlimani kwamba anayeleta sadaka altareni na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende kwanza kupatana. Wapendwa, angalieni: hasemi kama wewe una neno juu ya ndugu yako. Anasema kama ndugu yako ana neno juu yako. Ni yeye aliyekosewa ndiye anayesubiri, na ni sisi tunaopaswa kutembea.

Basi tukatembea. Ilikuwa jioni ya siku ya kazi, maana hatukutaka watu watuone kama tunaofanya maandamano. Tulimkuta binti akikaanga vitumbua mbele ya nyumba, mtoto wake wa kiume amelala kwenye mkeka. Mama yake alitoka, akatutolea viti, akasema, "Karibuni, Baba. Karibu Mama, karibu Mwalimu," kwa sauti ya mtu anayepokea wageni kwa sababu amelelewa vema. Tulikaa kimya kitambo. Kisha paroko wenu akasema kwamba tumekuja kuomba msamaha, kwa kuwa sisi, katika kikao, tulimkosea binti yake na kumkosea yeye.

Mama yule hakujibu upesi. Aligeuza kitumbua kimoja kilichotaka kuungua. Ndipo akauliza, "Baba, mwanangu aliondolewa na kikao, au aliondolewa na wewe?"

Ninyi mnajua kwamba katika tafakari hizi tumezoea kuandika kwa neno "sisi", kama ilivyo desturi, kwa kuwa mchungaji na kundi ni mwili mmoja. Jioni ile tuliona kwamba neno hilo zuri laweza pia kuwa pazia. Paroko wenu alimjibu, "Ni mimi, mama. Kikao kilipendekeza, mimi niliidhinisha. Tangazo niliandika mimi."

Akasema, "Haya. Sasa nimesikia." Hakusema kwamba amesamehe, nasi hatukumwomba aseme. Lakini alileta chai.

Binti mwenyewe alikuwa amenyamaza. Hatimaye aliuliza, "Kule shuleni mliwaambia nini?" Tukamweleza habari za Nyerere, na za Wangari, na tukamweleza jinsi tulivyotumia mfano wa ngolo, kwamba Wamatengo huchimba mashimo, na udongo wa mashimo hutengeneza matuta. Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Siyo hivyo, Baba," akasema. "Shimo halianzi. Sisi tulikuwa tunalima shamba la shule, tumefundishwa. Kwanza unafyeka majani. Yakikauka unayalaza chini, mistari ya kushuka na mistari ya kukata, mpaka yanakuwa miraba. Halafu ndiyo unachukua udongo wa katikati ya mraba unafunika yale majani. Shimo ni pale ulipotoa udongo. Majani yanaoza chini, ndiyo yanalisha maharage. Ukichimba shimo tu bila majani, umechimba shimo."

Paroko wenu, aliyewafundisha Wamatengo habari za Umatengo mbele ya watu mia tatu, alipokea somo hilo akiwa ameketi kwenye kigoda. Tukamuuliza, mwanangu, unatamani kurudi shule? Akatazama mtoto, akasema anatamani, lakini si kule bweni, kwa sababu mtoto bado mdogo. Mama Mwenyekiti akamsogelea, na wale wawili wakazungumza muda mrefu kwa sauti ya chini. Sisi wanaume tulinyamaza, na ilikuwa vizuri tunyamaze.

Tulipoaga, mama yake alitushangaza kwa neno moja zaidi. Mtoto hajabatizwa. Hakuna aliyewakatalia, alisema. Hawakuja kuomba kwa kuwa waliogopa kukataliwa. Tulikumbuka kwamba Septemba 2012, Baba Mtakatifu Fransisko akiwa bado Kardinali Jorge Bergoglio wa Buenos Aires, aliwakemea vikali mapadre waliokuwa wakikataa kuwabatiza watoto wa akina mama wasioolewa. Tuliwahi kulisimulia jambo hilo katika mahubiri na kulisifu. Kumbe palikuwa na mtoto katika mtaa wetu aliyekaa bila ubatizo, si kwa amri yetu, bali kwa hofu tuliyoipanda.

Sasa tuwaeleze palipofikiwa. Binti atarudi masomoni mwezi Januari, katika shule ya kutwa iliyo karibu, na taratibu zake zinakamilishwa. Ada katika shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini ninyi wazazi mnajua kwamba sare, viatu na madaftari havikufutwa. WAWATA wameliona hilo, na akina mama wawili waliostaafu wameomba wenyewe kumtunza mtoto saa za masomo, kwa zamu. Kuhusu mwanamume, familia ilikwisha kutoa taarifa mahali panapohusika, tena peke yao, bila sisi kuwasindikiza. Hatutaandika zaidi ya hapo. Ubatizo utafanyika katika Misa ya pili, pamoja na watoto wengine, kwenye kisima kilekile na kwa maji yaleyale.

Wala tusiwadanganye kwamba yote yamepona. Tulimwambia binti kwamba nafasi yake ya kuimba zaburi ipo. Alisema atafikiri. Mama yake alikuja Misa Jumapili moja, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, akaondoka kabla ya matangazo. Tunamwelewa. Matangazo ya kanisa hili yana historia kwake.

Tulimwomba binti ruhusa ya kuandika tafakari hii, na tukamsomea yeye na mama yake kabla ya ninyi kuisoma. Alifikiri siku mbili. Kisha akasema, "Andikeni. Lakini msiandike kwamba mmeniokoa. Andikeni kwamba narudi shule." Nasi tumeandika hivyo.

Tumewapelekea pia wanafunzi kule Mbinga barua, kwa kuwa tuliwaahidi jibu. Ni barua fupi, isiyofika hata ukurasa mmoja, wala haina majina ya watu mashuhuri. Tumewaambia: ndiyo, anaweza kurudi, na sisi ndio tuliochelewa kumwambia. Tumewaambia kwamba yule aliyeandika karatasi ile, yeyote awaye, alifanya jambo ambalo mada yetu ililisema tu. Hakusubiri kuwa mtu mkubwa. Alimkumbuka rafiki mmoja, akamwuliza padre swali la kweli, na kwa swali hilo mlango mmoja umefunguliwa. Hatusemi kwamba Nyerere na Wangari si mifano mizuri, tutaendelea kuwataja. Lakini nao walianza na darasa waliloliacha na miche waliyoishika kwa mikono yao. Sisi tulikuwa tumewaonyesha vijana mlima, tukasahau kuyalaza majani.

Wapendwa Taifa la Mungu, tunawaomba jambo moja. Katika kila jumuiya ndogo ndogo zipo nyumba ambazo zamani zilikuja na sasa haziji. Tumezoea kuziandika katika daftari kama nyumba za walegevu. Juma hili, kabla ya kusali rozari, viongozi wa jumuiya waulize swali hili: nani aliacha kuja, na je, tulimfanyia nini? Mkiona kwamba hamkumfanyia neno, mtembeleeni kwa upendo tu. Mkiona kwamba mlimfanyia, msiende na ushauri wala kitabu cha michango. Nendeni watu wawili au watatu, jioni, mketi, na aliyetenda aseme kwa kinywa chake mwenyewe, "Ni mimi." Nasi tutaanza na nyumba nyingine nne ambazo paroko wenu amekwisha kuzikumbuka, na anaona haya kwa kila mojawapo.

Mtakatifu Yosefu, mtu mwenye haki, atuombee ili haki yetu isiwe ya kuwaaibisha wengine. Na yule mtoto atakapomwagiwa maji ya ubatizo, tunawaomba mje kwa wingi, mkae mbele, na mama yake mumwachie benchi la tatu.

Mungu awabariki nyote.

Wenu katika Kristo,
Paroko wenu